Trekta la Mtumba na Swali la Mzee



Katika mkutano mkuu uliopita, ajenda ya trekta ilipofika mezani, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alisimama, akavua kofia, akauliza swali moja: "Wanangu, lile la kwanza lilikwenda wapi?" Kisha akakaa. Waliokuwa wamejiandaa kuzungumzia ekari na bei ya dizeli wakanyamaza. Mimi niliyekuwa nimeshika makabrasha ya hesabu nilinyamaza zaidi ya wote, kwa sababu jibu nalijua, na saini yangu ipo kwenye hati ya malipo ya trekta hilo.

Kamati imeniomba niandike katika kijitabu cha harambee cha mwaka huu kuhusu mashine tunayoichangia: trekta la mtumba lenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Nimeomba ruhusa nianze mbali kidogo. Swali la mzee si la Kiwangwa peke yake. Katika ardhi hii yamewahi kuletwa matrekta ya mtumba kwa mamia, yamewahi kuletwa mapya kwa mkopo, na yamewahi hata kuunganishwa hapo Kibaha. Mara nyingi, baada ya miaka michache, amesimama mtu akauliza yalikwenda wapi.

Wengi tumesikia habari za mpango wa karanga wa Kongwa. Husimuliwa kama kichekesho cha Wazungu waliokuja kulima bila kuijua mvua. Kwa mhasibu kichekesho hicho kina ukurasa mwingine ambao hausomwi sana, nao ni ukurasa wa manunuzi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache ukarudi na mpango wa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mengi yangekuwa Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama ilikadiriwa kufika kama pauni milioni 25. Mwaka wa kwanza peke yake, yaani 1947, zilitakiwa zisafishwe ekari 150,000.

Hesabu hiyo iliandikwa kana kwamba matrekta yapo dukani yakisubiri mnunuzi. Hayakuwapo. Viwanda vilikuwa ndiyo kwanza vinatoka vitani, na kila nchi ilikuwa ikiyataka matrekta hayo hayo. Basi watu wakatumwa kutafuta mitumba. Wakayapata mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mashine zilizokuwa zimelala nje katika mabohari ya vita, na mengine wakayatoa kwingineko walikoyakuta. Yakapakiwa melini, yakaja mpaka bandari ya Dar es Salaam, kisha yakapelekwa bara kwa reli na kwa barabara za vumbi hadi Kongwa.

Mtu anayeuza mabaki ya jeshi hajui kila mashine iliishije. Hana daftari la kuonyesha ilibadilishwa oili lini, wala ilifanya kazi saa ngapi. Mashine iliyokaa nje kwenye mvua na hewa ya chumvi inaweza kupakwa rangi ikang'aa huku ndani ya silinda kuna kutu na mipira yote imekauka. Spea hazikutosha, na mafundi wenye uzoefu nao walikuwa wachache. Udongo wa Kongwa ukamalizia kazi. Una mchanga mkali unaokula chuma cha jembe, na mvua ikikatika unakuwa mgumu kama sakafu. Hapo hatujataja mizizi ya vichaka wala mibuyu. Kabla mwaka 1947 haujaisha, kama theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Kati ya ekari 150,000 zilizotajwa kwenye mpango, zilizopandwa mwanzo huo zilikuwa kama 7,500.

Kuna kisa kingine cha mpango huo ambacho nimekuwa nikikitaja kwenye vikao vya kamati mpaka wenzangu wananicheka. Kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu na vifaru vilikuwa vingi, kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Chini ni kifaru, juu ni trekta. Hayakuleta ukombozi uliotarajiwa. Mtu akikwambia leo kwamba mtambo wa barabara "unaweza pia kulima", mkumbuke Shervick. Nitalirudia jambo hili mbele, maana ndilo linalotugawa mwaka huu.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule ulivyokuwa, ikafuta pauni milioni 36 katika vitabu vyake. Kwa wasiofanya kazi ya vitabu: kufuta maana yake ni kukubali kwa maandishi kwamba fedha hiyo hairudi. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba hasara hufutwa kwa kalamu nyekundu, ila hatukufundishwa kwamba inatakiwa pia kwenda kusimama mbele ya waliochanga.

Wakati Kongwa inazama, huko Uingereza kwenyewe kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiokoteza mabaki ya vita. Joseph Cyril Bamford alianza mwaka 1945 katika karakana ndogo ya kupanga katika mji wa Uttoxeter, na kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa tela la shambani la kumwaga mzigo, kwa chuma cha mabaki ya vita. Baada ya tela akaja na kijiko cha kufungwa mbele ya trekta la kawaida la mkulima. Mwaka 1953 akaunganisha: kijiko mbele, mkono wa kuchimba nyuma, trekta katikati. Ndiyo mashine tunayoiita leo kwa herufi za jina lake, JCB, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Ninaitaja historia hiyo kwa sababu inaeleza tabia ya mashine yenyewe. Mashine hii ilizaliwa shambani. Mwanzo ilikuwa trekta la kulimia lililofungwa mikono miwili. Baadaye wajenzi wa barabara na majumba waliipenda kuliko wakulima, na viwanda vikaanza kuitengeneza kwa ajili yao: mwili mmoja mzito, mkono wa nyuma umeunganishwa moja kwa moja na fremu, gia za kwenda mbele na nyuma haraka haraka. Kilichopotea humo ni sehemu ya nyuma ya trekta, yaani vile vyuma vitatu vya kufungia jembe na ile shafti inayozunguka ya kuendeshea pampu, mashine ya kupukuchulia au ya kufyekea. Mitambo mingi ya njano mnayoiona pembeni mwa lami haina vitu hivyo. Pale jembe lingekaa umekaa mkono wa kuchimbia.

Baada ya uhuru nchi yetu ilijaribu trekta kwa njia nyingine, na hapo sisi watu wa Bagamoyo tunaingia katika hadithi. Serikali ilifuata ushauri wa Benki ya Dunia wa kuanzisha vijiji vya makazi mapya, wakulima wahamishiwe sehemu moja, wapewe nyumba, wataalamu na matrekta. Kerege, katika wilaya yetu hii hii, ilikuwa miongoni mwa vijiji hivyo. Aprili 1966 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba serikali haitaanzisha vingine vya namna hiyo: fedha iliyomwagwa ilikuwa nyingi kuliko mazao yaliyotoka. Huko Usukumani vyama vya ushirika navyo vilikuwa vimejaribu mashamba ya pamoja ya kulimwa kwa trekta, na hesabu zikawa zile zile, trekta linakula zaidi ya linavyoingiza.

Mwalimu Nyerere alishika msimamo kwamba mkulima wa jembe la mkono aende kwanza kwenye jembe la maksai, trekta lije baadaye. Kwa Usukumani hoja hiyo ilikuwa na miguu. Kwetu haikuwa rahisi. Ndorobo walizuia ng'ombe katika sehemu kubwa ya pwani yetu kwa vizazi, kwa hiyo babu zetu Wakwere, Wadoe na Wazigua hawakurithishana ufundi wa kufunga maksai. Ng'ombe walioko leo wamekuja na wafugaji, na wengi ni wa kuchunga na kuuza, wala si wa kulima. Ndiyo maana mtu wa Kiwangwa anaruka moja kwa moja kutoka jembe la mkono hadi trekta la kukodi, na akilikosa trekta anarudi kwenye jembe la mkono, hakuna ngazi ya katikati. Wanaotushangaa kwa nini tunang'ang'ania trekta waelewe hilo.

Miaka iliyofuata niiseme kwa haraka. Kiwanda cha zana Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilitupa majembe na plau. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa Kibaha, wakati ambao nchi haikuwa na fedha za kigeni, na trekta zima lingeweza kusimama msimu mzima kwa kukosa kitu cha ukubwa wa kiganja. Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na kupitia SUMA JKT yakaingia matrekta ya Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa India. Baadhi ya waliokopeshwa hawakulipa kwa wakati, na deni hilo lilizungumzwa bungeni na magazetini kwa miaka. Kisha Kibaha ikapata tena zamu yake, safari hii kwa matrekta ya Ursus ya Poland.

Ukiyatazama yote kwa jicho la vitabu, bei ya kununua haikuwa ndiyo iliyoua. Fedha ya kununua ilipatikana kila mara, iwe kwa Waingereza, kwa Benki ya Dunia au kwa mikopo ya nje. Kilichokosekana ni fedha ya siku ya mia mbili, ile siku pampu inapasuka, msimu umeanza na sanduku ni tupu.

Sasa nijibu swali la mzee.

Lile trekta la kwanza tulilinunua kwenye yadi moja mjini Dar es Salaam. Tulikwenda watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi. Tulifika saa tano asubuhi, likawashwa kwa mara moja, likanguruma vizuri, tukapeana mikono. Sikujua wakati ule kwamba mwenye yadi mwenye akili huiamsha mashine saa mbili kabla mnunuzi hajafika. Mita ya saa ilisoma chini ya saa elfu nne. Pedali ya klachi ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa, na mimi niliiona, nikadhani ni kawaida ya mitumba. Sasa ninajua kwamba mguu wa dereva hauwezi kulamba chuma kiasi kile kwa saa elfu nne. Mita ilikuwa imebadilishwa, au ilikufa zamani likaendelea kufanya kazi bila kuhesabiwa. Hati ya malipo niliandaa mimi, nikasaini, mwenyekiti akasaini.

Lililima msimu mmoja, na kwa haki yake lililima vizuri. Msimu wa pili gea boksi ikaanza kupiga kelele. Fundi alipoifungua akatwambia meno yamekwisha, na kwamba aina ile ya trekta ni adimu nchini, spea zake mpaka ziagizwe nje. Kuagiza kulitaka fedha. Fedha yote ya mchango tulikuwa tumeimaliza siku ya kununua, tukapiga na picha. Likawekwa chini ya mkorosho kusubiri mchango mwingine, na watu hawachangii mara mbili kwa kitu kile kile kilichosimama. Tairi zikaondoka kwanza, kisha betri, kisha pampu ya dizeli. Mwili wake uliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Fedha hiyo ipo kwenye vitabu, stakabadhi ipo, ila ni kidogo kiasi kwamba nilipoisoma mkutanoni baadhi ya watu walidhani nimeruka sifuri moja.

Hivyo ndivyo lilivyokwenda, mzee wangu.

Mwaka huu tunachangia tena, na tunachangia mtumba tena, kwa sababu jipya lenye mikono miwili haliko kwenye uwezo wetu. Hoja iliyowagawa wajumbe ni ya aina ya mashine. Vijana wetu walioko mjini, hasa wale wa kazi za ujenzi, wanataka mtambo wa njano wa kiwandani. Wanasema tangu lami ya Bagamoyo–Msata ya kilomita 64 ipite kwetu, viwanja vinapimwa, nyumba zinajengwa, mitaro inachimbwa, na mtambo hautalala hata siku moja. Hesabu yao si ya kubeza. Nimeipitia mara mbili. Wakulima wa mananasi wanataka trekta. Shamba la mananasi likishazaa mizunguko yake lina kazi nzito ya kung'oa mashina ya zamani, kukatakata na kufukia kabla ya kupanda upya. Ukikosa trekta wakati huo unakosa mwaka mzima na zaidi, kwa kuwa nanasi lenyewe huchukua zaidi ya mwaka tangu kupandwa hadi kuvunwa.

Mimi nimeegemea upande wa wakulima, na sababu yangu ni ile ya Shervick. Mtambo wa njano utachimba, utabeba, na hautalima. Chama chetu kilianzishwa kwa ajili ya mashamba ya Kiwangwa. Kikigeuka kuwa mkodishaji wa mitambo ya barabara kinaweza kupata fedha, ila siku mvua za vuli zinanyesha na mtambo uko Chalinze kwenye kazi ya mkandarasi, mkulima aliyechangia atakuja ofisini kwangu, hatakwenda kwa mkandarasi.

Ninachopendekeza ni trekta la shamba, la nguvu za farasi kati ya 70 na 90, la aina ambayo spea zake zinapatikana Kariakoo bila kuagiza, na kwa pwani yetu Massey Ferguson ndiyo fundi yeyote ameshawahi kuifungua. Liwe na kijiko cha mbele kinachofunguka, na mkono wa kuchimba unaofunguka pia. Msimu wa kulima unafungua mkono, unafunga plau. Kiangazi unaurudisha, unachimba malambo, mitaro ya maji, mashimo ya vyoo vya shule, unang'oa visiki vya mikorosho iliyozeeka, na kijiko cha mbele kinapakia samadi na mchanga. Kazi ya kufunga na kufungua ni nzito na si ya dakika tano. Anayewaambia vinginevyo hajawahi kuifanya. Lakini ni mara chache kwa mwaka.

Hapo pana mtego ambao nimefundishwa na fundi wetu wa sasa. Mikono mingine ya kuchimbia hufungwa kwenye vile vyuma vitatu vya jembe tu. Vyuma hivyo vilitengenezwa kuvuta jembe, havikutengenezwa kuhimili mkono unaosukuma na kunyanyua kwa nguvu ya haidroliki, na nguvu hiyo ikirudi kwenye trekta inaweza kupasua maungio ya gea boksi. Mkono ulio salama unafungwa kwenye fremu yake ndefu inayopita chini ya trekta na kushika mbele na nyuma. Tukikuta zuri la bei nafuu lisilo na fremu hiyo, tutaliacha.

Mengine tutakayoyatazama nimeyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ofisini, ila machache niyaseme hapa ili kila anayechanga ajue. Tutafika alfajiri, na mtu wa kwanza ataweka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, tunaondoka tukarudi siku nyingine bila kuaga. Tutatazama pedali kabla ya mita. Tutanyanyua kijiko kikiwa na mzigo, tuzime injini, tukae tukiangalia kama kinashuka chenyewe, kwa sababu kikishuka mipira ya silinda au vali imekwisha. Mkono wa nyuma tutaunyoosha wote, mtu aushike ncha na kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza, pini na bushi zimelika. Tutatafuta alama za kulehemu kwenye fremu ya kijiko na karibu na ekseli ya mbele, maana kijiko humwelemea mbele, na rangi mpya sehemu moja tu ni ya kutiliwa shaka. Oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa ina maji ndani.

Jambo moja ni la kwangu zaidi kuliko la fundi. Kama tutaagiza wenyewe kutoka nje, trekta la shamba na mtambo wa kuchimba haviingii forodha kwa namba moja. Trekta liko chini ya 8701, mitambo ya kuchimbia chini ya 8429, na kodi hazilingani. Wakala atuandikie kwa maandishi, kabla fedha haijatumwa, mashine yetu itaingia kwa namba ipi na kwa kodi gani. Maneno ya simu hayatatosha.

Na sasa fedha. Katika kila shilingi 100 itakayochangwa mwaka huu, 70 zitakwenda kununua na 30 zitabaki benki kwa jina la matengenezo, hazitaguswa siku ya kununua hata kama kuna trekta zuri zaidi limepungukiwa kidogo. Najua shinikizo hilo litakuja. Lilikuja mara ya kwanza. Trekta likianza kazi, kila saa ya kukodishwa itakatwa sehemu iingie katika akaunti hiyo kabla ya mshahara wa dereva na kabla ya mgao wowote. Kuitoa fedha hiyo kutahitaji saini tatu, na mmoja wa watiaji saini atakuwa mkulima asiye mjumbe wa kamati. Wanaosema mpango huu utatufanya tununue trekta dogo kuliko tulilolitamani wanasema kweli.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na walioko Dar wanaweza kuzirudisha kwa wawakilishi wa matawi. Ukaguzi wa mashine utafanywa na fundi tutakayemlipa sisi, asiyejuana na muuzaji, na taarifa yake itasomwa mkutanoni kabla ya malipo.

Nilikwenda kumwona yule mzee nyumbani kwake mwezi uliopita, nikamweleza haya yote kama nilivyoyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama trekta jipya litakuwa na daftari. Nikamwambia ndiyo, kila siku dereva ataandika saa za kuanza na kumaliza, shamba la nani, oili na dizeli. Akasema, "Mwanangu, niletee hilo daftari nilione, ndipo nitoe changu." Nimeshalinunua. Ni jekundu, la kurasa 200, liko mezani kwangu na ukurasa wa kwanza nimeupigia mistari.